Mlango unalindwa, msikiti haulindwi: barua ya wazi kuhusu historia ya Waislamu wa Dar es Salaam

Kwa Waziri mwenye dhamana ya malikale. Kwa wakurugenzi wa Halmashauri ya Jiji na manispaa za Dar es Salaam. Kwa masheikh wa mkoa na wilaya. Na kwa wadhamini wa misikiti ya zamani.

Waheshimiwa, masheikh wetu, wazee wetu,

Assalaam alaykum.

Sheria ya Malikale ya mwaka 1964 inalinda moja kwa moja jengo lililojengwa kabla ya mwaka 1863. Kwa Kilwa, Kaole na Kunduchi tarehe hiyo inatosha. Kwa Dar es Salaam haitoshi hata kidogo, maana Sayyid Majid alianza kuujenga mji huu katikati ya miaka ya 1860, na alipofariki mwaka 1870 mji ulikuwa bado haujakamilika. Karibu kila msikiti wa katikati ya mji na wa Kariakoo, basi, ulizaliwa umeshachelewa. Sheria hiyohiyo inalinda mlango wa kuchonga na fremu yake ikiwa vilichongwa kabla ya 1940. Chukueni mlango wa msikiti uliochongwa mwaka 1925: mlango ni mali inayolindwa, na ukuta unaoushika unaweza kubomolewa kesho asubuhi kwa kibali cha kawaida cha ujenzi.

Dawa imo ndani ya sheria yenyewe. Waziri anaweza kutangaza jengo lolote kuwa la kulindwa kwa tangazo katika Gazeti la Serikali, hata kama ni la mwaka 1910. Lakini hawezi kutangaza asichokijua, na hapo ndipo kazi ilipolala.

Historia ya Uislamu wa huku imezoeleka kusimuliwa kama mkia wa historia ya Arabuni: jahazi likatia nanga, dini ikateremshwa pamoja na tende, wenyeji wakapokea. Ardhi inasema vingine. Shanga, kwenye visiwa vya Lamu, wachimbaji walioongozwa na Mark Horton miaka ya 1980 walikuta chini ya msikiti wa mawe mabaki ya misikiti ya miti ya tangu karne ya 8, mmoja juu ya mwingine. Waliosali mle waliendelea kujenga palepale, kizazi baada ya kizazi, kabla ya jiwe la kwanza. Kizimkazi Dimbani, Unguja, mwandiko wa Kikufi (namna ya kale ya kuandika herufi za Kiarabu) ukutani unataja mwaka 500 wa Hijria. Ibn Battuta alipopita mwaka 1331 alikuta Mombasa ina misikiti ya mbao iliyojengwa imara, akakuta watu wa Mombasa na Kilwa wanafuata madhehebu ya Shafi, na ndiyo yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani hii hadi leo. Miaka 700, bila ya kuagizwa na mtu.

Na wale wanaosema Ushirazi, yaani simulizi kwamba mababu wa pwani walitoka Shirazi, Uajemi, ni uzushi mtupu nao wapunguze kidogo. Utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2023, uliopima mabaki ya watu 80 kutoka makaburi ya kale, ya Kilwa na Songo Mnara yakiwemo, ulikuta kwa wengi wao asili ya Afrika imekuja zaidi kwa upande wa akina mama, na asili ya Uajemi kwa upande wa akina baba, kuanzia takriban mwaka 1000. Wazee waliokuwa wakisimulia habari za majahazi ya Shirazi hawakuwa waongo. Walichokuwa hawakitaji ni bibi zao.

Tukirudi mjini. Atakayetaka kujua Dar es Salaam ilikusanya Waislamu gani atembee kutoka Mtaa wa Msikiti hadi Kariakoo akisoma majina ya misikiti tu. Kuna misikiti ya Wahindi wa madhehebu mbalimbali, Bohora, Ithnaasheri, Sunni. Kuna Ibadhi ya watu wa Omani. Kuna Msikiti wa Manyema, uliobeba jina la watu waliotoka Kongo ya mashariki, wengi wao wakiwa wamefika pwani kwa misafara ya pembe na ya utumwa. Waongezeni Wangazija, Washihiri, Wabulushi, na wajukuu wa askari wa Kisudani ambao Wissmann, kamanda wa Wajerumani, aliwaandikisha Cairo mwaka 1889 kuja kupigana na Bushiri, kiongozi wa upinzani wa pwani. Watu hawa hawakuandika vitabu vya historia yao. Waliandika wakfu, waliandika majina ya waliozaliwa na waliokufa pembezoni mwa misahafu, wakaandika mwaka juu ya mlango. Hiyo ndiyo hazina ya nyaraka yao. Ukipiga plasta juu ya mwaka ule, umeifunga.

Mfano wa jinsi kidogo kinavyobaki: Sheikh Ramiya wa Bagamoyo aliletwa pwani akiwa mtoto mtumwa kutoka Manyema, akasoma, akawa khalifa mkubwa wa tarika ya Qadiriyya, na alipofariki mwaka 1931 maulidi yake yalikuwa yakikusanya watu wa pwani na wa bara. Mtoro bin Mwinyi Bakari, Mbagamoyo mwenzake, tunaweza kumsoma leo kwa sababu maandishi yake juu ya desturi za Waswahili yalichapishwa Ujerumani mwaka 1903, alipokuwa akifundisha Kiswahili Berlin. Yangebaki kwao Dunda kwenye sanduku la mninga, Mola ndiye ajuaye.

Sasa tuseme kinachoharibika na kwa nini.

Misikiti ya zamani ya mji huu na ya vijiji vyake imejengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko. Boriti ndiyo iliyoamua upana wa chumba: mti wa mkoko unaobeba paa zito la chokaa haufiki mbali, ndiyo maana nafasi kati ya ukuta na ukuta, au kati ya ukuta na safu ya nguzo, mara nyingi ni mita 2.5 hadi 3. Ukuta wa namna hii unapumua. Maji yanapanda kutoka ardhini, yanaingia na mvua ya masika, kisha yanatoka polepole kupitia chokaa jua likiwaka. Umekaa hivyo miaka 100 bila shida.

Anakuja mfadhili, Mungu amlipe kwa nia yake, anatoa saruji. Fundi anapiga plasta ya saruji nje, ndani anapaka rangi ya mafuta, sakafu anatandika vigae. Mwaka wa kwanza msikiti unang'aa. Lakini vigae vimeziba njia ya unyevu sakafuni, kwa hiyo unyevu wote unakimbilia kuta. Ukutani unakuta saruji nje na mafuta ndani, unapanda juu zaidi kuliko ulivyowahi kupanda. Chumvi iliyomo kwenye matumbawe na kwenye mchanga inayeyuka, inasafiri, inaganda nyuma ya plasta na kuisukuma. Ndani ya misimu michache ya mvua plasta inatuna. Igongeni kwa kifundo cha kidole: penye afya panalia kama jiwe, palipoachana panalia kama debe tupu. Ikianguka inaanguka kibamba kizima, imeng'oa na uso wa jiwe. Mbaya zaidi ni ncha za boriti zilizozikwa ukutani. Zinakaa kwenye unyevu usiotoka, zinaoza pale msipopaona, na siku moja dari inashuka. Hapo mhandisi anaandika kuwa jengo limechakaa, libomolewe. Limechakazwa.

Matengenezo sahihi si ya gharama ya kutisha, ila yanataka subira. Saruji iliyoachia iondolewe kwa tindo na nyundo ndogo, kamwe si kwa mashine ya kukatia. Ile iliyoshika sana na jiwe iachwe, kwa kuwa kuing'oa kunaumiza kuliko kuiacha. Ukuta uachwe wazi ukauke. Chokaa iloweshwe kwenye shimo au pipa wiki kadhaa kabla ya kutumika, miezi ikiwezekana, iwe laini kama siagi. Chokaa ya mfuko iliyochanganywa asubuhi na kupakwa mchana ndiyo inayoyapa matengenezo ya chokaa jina baya. Sehemu 1 ya chokaa kwa sehemu 3 za mchanga mkali wa mtoni uliooshwa. Mchanga wa ufukweni marufuku, maana mnapeleka chumvi kule mlikotoka kuiondoa. Plasta ipigwe tabaka nyembamba, lisizidi milimita 10 kwa mara moja, na baada ya kila tabaka ukuta ufunikwe kwa magunia yaliyoloweshwa kwa siku saba au zaidi. Hapa ndipo mafundi wengi wanaposhindwa. Jua la Dar es Salaam linaikausha chokaa kabla haijashika, ukipitisha kiganja kinatoka na unga mweupe, na fundi anasema chokaa haifai. Haikufa kwa ubaya wake, imekufa kwa kiu. Kazi ipangwe Juni hadi Septemba, baada ya masika na kabla ya vuli. Mwisho, chokaa ya kupaka iwe nyepesi kama maziwa, mikono mitano au sita, kila mkono ukikauka.

Na kabla ya tindo la kwanza: picha. Kila ukuta upigwe ukitazamwa wima, kila mwandiko upigwe mara mbili, mara ya pili tochi ikimulika kutoka ubavuni ili herufi zilizofutika zitoe kivuli. Wekeni rula ndani ya picha. Pimeni mihirabu, kina, upana na kimo, na mwelekeo wake wa kibla kama ulivyo, hata kama umepishana na dira ya simu. Kosa la waliotangulia nalo ni habari. Kisima na birika la udhu vichorwe kwenye ramani hata kama mmeamua kuvifukia.

Kwenye miandiko kuna kosa moja la hesabu tunaloliona hadi kwenye vibao vya serikali, nalo ni la kujumlisha 622 kwenye mwaka wa Hijria na kumaliza. Mwaka wa Hijria ni mfupi kwa siku kama 11. Zidisheni mwaka wa Hijria kwa 0.97 ndipo mjumlishe 622. Kizimkazi: 500 mara 0.97 ni 485, ukijumlisha 622 ni 1107. Kwa njia ya mkato mngepata 1122, na mngekuwa mmemzeesha au kumzaa upya sultani wa watu.

Tuje kwenye hati. Hizi zimo katika makabati ya misikiti, madrasa na majumba ya familia, na zinapotea kwa njia mbili ambazo zote zinafanywa na watu wema. Ya kwanza: msikiti unapata misahafu mipya ya kuchapishwa, kabati linatolewa vitu, karatasi zilizochakaa zinachomwa au kuzikwa kwa heshima kama dini inavyoelekeza. Ndani ya rundo lile, katikati ya juzuu za kuchapwa Bombay, kuna kitabu cha mkono. Hatuombi hukumu ya dini ibadilishwe. Tunaomba saa mbili kabla ya moto, mtu anayesoma apitishe macho. Atazame ukurasa wa mwisho kwanza, kwani huko ndiko mwandishi huandika jina lake, mji, na siku aliyomaliza. Kisha kurasa za mwanzo, kwenye maneno ya wakfu kwamba kitabu hakiuzwi, hakitolewi zawadi, hakirithiwi, na kimewekwa kwa ajili ya msikiti fulani. Sentensi hiyo moja inaweza kuwa ndiyo ushahidi pekee kwamba msikiti ule ulikuwapo mwaka fulani, na wadhamini wanaohangaika na migogoro ya viwanja wangefaidika kuisoma kabla ya kwenda RITA, wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini, au mahakamani.

Njia ya pili ni ukarimu wa dukani: mtu anaipeleka hati ya babu yake ikapigwe plastiki ya moto. Basi. Gundi ile haitoki tena, unyevu umefungiwa ndani pamoja na wino, na baadhi ya wino wa zamani una chuma unaoendelea kula karatasi. Utepe wa kunatisha nao ni hivyo hivyo, baada ya miaka michache unageuka kahawia na kuondoka na herufi. Karatasi zilizolegea ziwekwe tu kwenye bahasha za karatasi nyeupe, ndani ya boksi, juu ya rafu isiyogusa ukuta wa nje. Mpangilio ukiwa umevurugika msikisie. Waandishi wengi waliweka neno moja dogo chini ya ukurasa wa kulia, nalo ndilo neno linaloanza ukurasa unaofuata. Lifuateni kama mtu anayelinganisha vipande vya chungu.

Kwa wadudu, msipulize dawa. Hati ifungwe kwenye mifuko miwili ya plastiki, hewa itolewe, iwekwe kwenye friza la kawaida kwa wiki mbili, kisha itolewe na kuachwa siku nzima bila kufunguliwa hadi ifikie joto la chumba. Ukifungua mapema unyevu wa hewa unaganda juu ya karatasi baridi. Kosa kama hilo linafanyika kwenye ofisi zinazojiona zimeendelea: kiyoyozi kinawashwa saa mbili asubuhi, kinazimwa saa kumi jioni, kila siku. Ukungu unapenda sana mabadiliko hayo. Feni na dirisha lenye wavu ni afadhali kuliko kiyoyozi kinachowashwa kwa muda wa saa nane tu kwa siku.

Kupiga picha hakuhitaji mashine ya mamilioni. Simu nzuri juu ya stendi iliyotulia, mwanga wa kivulini karibu na dirisha, kitambaa cheusi chini, kitabu kisilazimishwe kufunguka zaidi ya pale kinapokubali. Watu wawili, mmoja anafunua na mmoja anapiga, wanamaliza kurasa 200 kwa nusu siku. Hati haiondoki nyumbani kwa mwenyewe. Hili mliandike kwa herufi kubwa, kwa sababu familia nyingi ziliwahi kuazimisha kitabu kikaondoka na hakikurudi, na hawatafungua sanduku kwa mgeni mwenye barua yenye muhuri tu.

Halafu kuna kusoma, na hapa tunasema na wa elimu pia. Kiswahili kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu kwa karne kadhaa kabla ya herufi za Kirumi kuchukua nafasi chini ya Wajerumani na Waingereza. Sheikh Hemedi bin Abdallah al-Buhriy wa Tanga alitunga hivyo utenzi wake wa vita vya Wadachi (Wajerumani) kuutamalaki Mrima (pwani), mwaka 1307 wa Hijria. Lakini mtu aliyehitimu Kiarabu peke yake hawezi kuzisoma hati hizi. Kiarabu hakina p wala ch wala v, i na e zinagawana alama moja ya irabu, kasra, u na o zinagawana nyingine, dhamma, na waandishi wengi hawakuandika m au n inayotangulia konsonanti. Herufi b, wau, n, alifu: inasomeka bona, buna, pona, puna, mbona. Ng'ombe anaandikwa ghube. Anayejua ni lipi ni yule anayekijua Kiswahili cha zamani cha pwani na mizani ya utenzi, na watu hao wanazeeka. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina mkusanyo wa hati za Kiswahili na Kiarabu, nyingi zilizokusanywa miaka ya 1960 na katalogi yake ikachapishwa mwaka 1970. Tangu hapo imepita zaidi ya miaka 50. Hati bila wasomaji ni karatasi. Muhula mmoja wa masomo ya jioni, ukifundishwa na wazee waliopo kwa malipo ya kweli na si ya nauli, ungezaa wasomaji kumi wa mwanzo.

Makaburi tunayataja kwa ufupi ingawa yanastahili barua yake. Ya Kunduchi, yenye nguzo zilizopachikwa bakuli za Kichina, na ya Mbuamaji huko Kigamboni, yako ndani ya sheria, ni ya kabla ya 1863. Yanachohitaji ni mpaka uliopimwa na kuwekwa mawe, mibuyu michanga ing'olewe ingali na unene wa kidole (mbuyu mkubwa uachwe, mizizi yake sasa ndiyo inayoshika ukuta), na jirani mmoja anayelipwa kufyeka kwa mkono. Si kuchoma moto. Moto unapasua matumbawe.

Tunachoomba, kwa mpangilio wa uharaka. Halmashauri zisitoe kibali cha kubomoa au kukarabati msikiti wowote uliojengwa kabla ya 1961 hadi ziletewe picha na vipimo tulivyovieleza. Fomu ya ukurasa mmoja inatosha, na inaweza kuanza kwa waraka wa mkurugenzi bila kusubiri Bunge. Masheikh wa wilaya watoe tangazo la Ijumaa moja tu: kabati lisifunguliwe kwa ajili ya kuchoma kabla msomaji hajafika. Wizara ipokee kutoka halmashauri orodha ya majengo yaliyomo kwenye fomu hizo na kuanza kutangaza jengo moja baada ya jingine kwenye Gazeti la Serikali, ikianzia na yale ambayo mwaka wa kujengwa umeandikwa ukutani, kwa kuwa hayo hayana ubishi. Wadhamini wasikubali msaada wa saruji kwa jengo la chokaa; mwambieni mfadhili anunue chokaa, thawabu ni ileile.

Kuhusu kufuta mwaka 1863 kwenye sheria, tunajua marekebisho yanachukua muda. Lakini mwaka uliokwisha wekwa kwa ajili ya milango unaweza kuwekwa kwa ajili ya kuta zake. Andikeni 1940 mahali pote pawili.

Wenu,
wasomaji wa hati na mafundi chokaa,
Dar es Salaam